Kuweka paswedi mbele ya apu isiyo na logini kwa Nginx (anza na mlango wa uani)

Kuna zile apu unazisimamisha kwenye seva yako mwenyewe, labda dashibodi ya kuangalia mashine, labda programu ya kuweka noti, labda kitu cha kushusha mafaili, alafu unakuta aliyeitengeneza hakuweka sehemu ya kulogini kabisa, au ameweka ya kubabaisha tu hadi unaona aibu kuiita logini. We unataka uifungue ukiwa popote ila hutaki kila mpita njia aingie. Dawa ya haraka ni kumweka Nginx (programu ya seva ya wavuti) mbele kama bawabu: mtu akija anagonga kwake, anaulizwa jina na paswedi, akipita ndo ombi lake linapelekwa ndani kwa apu. Hiyo ndo riversi proksi yenyewe, na uzuri wake apu haiguswi hata laini moja.

Ukishaizoea ni kazi ya nusu saa. Ila watu wengi wanaianza kwa kichwa chini miguu juu, wanakimbilia paswedi kwanza, na mimi nilikua mmoja wao. Mara ya kwanza nilimaliza kila kitu, kidirisha cha kuuliza paswedi kikatokea vizuri, nikalala usingizi mzito. Wiki kama mbili baadae nikiwa nahangaika na jambo lingine kabisa, nikaandika kwenye simu IP ya seva na namba ya poti ya apu, yani bila kupitia kwa Nginx, ikafunguka. Yote. Wazi kama soko. Na fayawoli ilikua imewashwa na ukiiuliza inakwambia poti hiyo imefungwa. Bawabu nimemweka geti la mbele, mlango wa uani hauna hata komeo. Kwaiyo hapa tunaanza na uani.

Nachukulia una seva ya Debian au Ubuntu, unaweza kutumia sudo, na una domeini ambayo DNS yake tayari inaelekea kwenye IP ya seva. Mfano wangu ni `dashi.example.com` na apu inasikiliza poti 8080, we badilisha kwa vya kwako.

Hatua ya 1: funga uani

Kwanza jua apu inasikiliza wapi:

```
sudo ss -tlnp
```

Tafuta laini yenye 8080. Ukiona `127.0.0.1:8080` uko salama, apu inaongea na mashine yenyewe tu, mtu wa nje hawezi kuifikia. Ukiona `0.0.0.0:8080` au `*:8080` au `[::]:8080` maana yake inapokea yeyote anayekuja kutoka popote. Apu nyingi zina sehemu kwenye konfigi ya kuchagua anwani ya kusikiliza, inaitwa `host` au `bind` au `listen` au kitu kama hicho, weka `127.0.0.1` alafu uiwashe upya.

Kama apu yako iko kwenye kontena la Docker soma hapa taratibu maana ndo shimo nililoangukia mimi. Ukiandika `-p 8080:8080`, Docker anafungua hiyo poti kwa dunia nzima, na anafanya hivyo kwa kuandika kanuni zake mwenyewe za iptables (mfumo wa kuchuja pakiti ndani ya Linux). Pakiti zinazoenda kwenye kontena zinageuzwa na kupitishwa njia ya kusambaza, hazipiti pale ufw (ile fayawoli yako) ilipoweka ulinzi wake wa vitu vinavyoingia. Kwaiyo ufw inakwambia imefunga, na haikudanganyi kwa upande wake, ni vile tu hao wageni hawapiti mlango wake. Dawa ni kuandika anwani mbele ya poti:

```
ports:
  - "127.0.0.1:8080:8080"
```

Alafu `docker compose up -d`, kontena linaundwa upya. Rudia ile `ss`, sasa hivi lazima uone 127.0.0.1.

Alafu usiamini `ss` peke yake. Chukua simu, zima waifai utumie data, andika `http://IP-ya-seva:8080`. Ikikataa au ikizunguka bila majibu, vizuri. Usijaribu ukiwa kwenye mtandao ule ule wa nyumbani ambao seva ipo, utadanganyika. Ikifunguka usiende hatua inayofuata, hamna maana yoyote ya kuendelea.

(Kama Nginx nae utamweka kwenye kontena, basi apu usiifungulie poti yoyote nje, waweke kwenye mtandao mmoja wa Docker na umwite kwa jina la huduma, mfano `http://apu:8080`. Ukiandika 127.0.0.1 ndani ya kontena la Nginx anajitafuta mwenyewe humo humo, utapata 502 (kosa la apu kutofikiwa) hadi uchoke.)

Hatua ya 2: tengeneza faili la paswedi

```
sudo apt install nginx apache2-utils
sudo htpasswd -c -B /etc/nginx/.htpasswd asha
```

Ndio, kifaa kinaitwa cha Apache ila tunatumia kwa Nginx, usishtuke, ni kile ki-`htpasswd` tu tunachokitaka. Kitakuuliza paswedi mara mbili. Ukifungua faili utaona jina, nukta mbili, alafu hashi ndefu (paswedi iliyosagwa hadi haisomeki), paswedi yenyewe haimo.

Hiyo `-c` ni ya kuunda faili jipya. Ukiongeza mtu wa pili USIIWEKE, ukiiweka inafuta faili lote na kuanza upya, na hao wa zamani wote wanafungiwa nje bila onyo lolote. Mtu wa pili ni hivi:

```
sudo htpasswd -B /etc/nginx/.htpasswd juma
```

Kuhusu `-B`, hiyo ni bcrypt, hashi nzuri zaidi kuliko ile ya kawaida ya `htpasswd`. Ila kuna kitu watu hawajui: Nginx anahakiki paswedi kwa kila ombi, sio mara moja ukishaingia. Dashibodi inayovuta picha na skripti 60 maana yake hashi inapigwa mara 60. Kwaiyo usijifanye mjanja ukaongeza ugumu wa bcrypt kwa `-C 14`, ukurasa utakua unajikokota na hutajua kwanini. Acha ule wa kawaida, nguvu iweke kwenye urefu wa paswedi. Mi situngi kichwani, natumia hii na kuhifadhi kwenye programu ya kutunza paswedi:

```
openssl rand -base64 24
```

Sasa ruhusa za faili. Nginx lazima alisome, wengine hapana:

```
sudo chown root:www-data /etc/nginx/.htpasswd
sudo chmod 640 /etc/nginx/.htpasswd
```

Hatua ya 3: konfigi ya Nginx

Fungua faili jipya `/etc/nginx/sites-available/dashi` uweke hivi:

```
server {
    listen 80;
    listen [::]:80;
    server_name dashi.example.com;

    auth_basic "Wenyewe tu";
    auth_basic_user_file /etc/nginx/.htpasswd;

    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Real-IP $remote_addr;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
        proxy_set_header Authorization "";
    }
}
```

Ona nilipoweka `auth_basic`, ni kwenye `server`, sio ndani ya `location`. Ukiweka ndani ya `location /` kwa leo itafanya kazi, ila mwezi ujao utaongeza `location /picha/` kwa sababu zako, na hiyo mpya haitakua na paswedi na hutagundua. Ukiweka juu kila kitu kinarithi, alafu unachotaka kiwe wazi ndo unakitoa kwa makusudi. Kufunga vyote kisha kufungua kimoja kimoja kunasumbua kidogo mwanzoni, ila hakukuletei mshangao.

Hizo heda nne za kwanza ni za kuiambia apu mgeni halisi ni nani na amekuja kwa domeini gani, bila hizo apu inaona wageni wote wanatoka 127.0.0.1 na nyingine zinakosea kutengeneza linki. Ya mwisho, `Authorization ""`, inazuia paswedi ya Nginx isipelekwe kwa apu, maana apu haina kazi nayo, na kuna apu zikiiona zinajaribu kuitumia alafu zinachanganyikiwa.

Kama apu inatumia websoketi (njia ya mawasiliano inayobaki wazi kati ya brauza na apu), utajua tu, ukurasa unafunguka ila namba hazisogei au terminali ya ndani inabaki nyeusi, ongeza hizi tatu ndani ya `location`:

```
        proxy_http_version 1.1;
        proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
        proxy_set_header Connection "upgrade";
```

Washa:

```
sudo ln -s /etc/nginx/sites-available/dashi /etc/nginx/sites-enabled/
sudo nginx -t
sudo systemctl reload nginx
```

`nginx -t` usiiruke hata siku moja. Inasoma konfigi na kukwambia laini gani umesahau nukta mkato kabla hujaharibu kinachofanya kazi.

Ukifungua domeini sasa kidirisha kitatokea. Usiandike paswedi bado. Kifunge.

Hatua ya 4: HTTPS, hapa hamna mjadala

Aina hii ya logini haifichi kitu chochote njiani. Brauza inachukua jina na paswedi inaviunganisha kwa nukta mbili, inavigeuza kwa base64 na kuvituma kwenye heda, kwa kila ombi. Tuseme jina ni asha na paswedi ni siri123, kinachopita kwenye waya ni hiki:

```
Authorization: Basic YXNoYTpzaXJpMTIz
```

Inaonekana kama siri kumbe sio. Jaribu mwenyewe:

```
echo YXNoYTpzaXJpMTIz | base64 -d
```

Inarudi `asha:siri123`, bila ufunguo wala utaalamu. Mtu yeyote aliye kati yako na seva, mwenye waifai ya mahali ulipokaa kwa mfano, anaisoma kama gazeti. Kwaiyo bila HTTPS hiyo paswedi ni mapambo.

```
sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot --nginx -d dashi.example.com --redirect
```

Poti 80 na 443 ziwe wazi kwenye fayawoli. Certbot ataenda Let's Encrypt (wanaotoa vyeti vya HTTPS bure), achukue cheti, na arekebishe konfigi yako mwenyewe. Usiogope kwamba paswedi itamzuia asihakiki domeini, ukitumia `--nginx` jibu la uhakiki linatolewa kabla Nginx hajafika hatua ya kuuliza paswedi. Hiyo `--redirect` nayo ni hivyo hivyo, mtu akija kwa http anarushwa kwenda https kabla ya kuulizwa chochote, kwaiyo paswedi haiandikwi kwenye njia ya wazi.

Cheti kinaisha baada ya siku 90 na certbot anakihuisha mwenyewe, jaribu kama njia ya kuhuisha inafanya kazi:

```
sudo certbot renew --dry-run
```

Kuna jambo moja linawashangaza wengi hapa. Vyeti vinaandikwa kwenye daftari za umma, na boti zinazisoma hizo daftari muda wote. Kwaiyo kama ulikua unajiambia "hii domeini ndogo hakuna anayeijua", ukishachukua cheti inajulikana. Ukiangalia logi baada ya muda mfupi tu utaona wageni wanatafuta `/.env` na `/wp-login.php`. Wanapata 401 (jibu la kudaiwa paswedi) wanaenda zao, na ndo furaha ya kuweka paswedi kwenye konfigi kabla ya cheti badala ya baada.

Hatua ya 5: jaribu kama mwizi

```
curl -I http://dashi.example.com
curl -I https://dashi.example.com
curl -I -u asha https://dashi.example.com
```

Ya kwanza ikupe 301, ya pili 401 na laini ya `WWW-Authenticate` yenye yale maneno "Wenyewe tu", ya tatu ukiandika paswedi ikupe 200, au 302 kama apu ina kawaida ya kukupeleka ukurasa mwingine. Alafu rudia lile jaribio la simu na poti 8080. Ndio, tena.

Ukipata namba nyingine, logi iko `/var/log/nginx/error.log` na mara nyingi jibu ni moja ya haya. 403 mara nyingi ni faili la paswedi halipo pale ulipoandika, umekosea njia. 500 ni faili lipo ila Nginx hana ruhusa ya kulisoma, au ukiona maneno `crypt_r() failed` basi mfumo wako ni wa zamani na hauijui bcrypt, tengeneza paswedi upya bila `-B`. 502 ni paswedi imekubali ila apu nyuma haijibu, imezimwa au poti sio hiyo. Kwa wale wa Fedora na ndugu zake, 502 yenye `Permission denied` kwenye logi ni SELinux (ulinzi wa ziada wa mfumo), tibu kwa `sudo setsebool -P httpd_can_network_connect 1`. Na 401 isiyoisha hata ukiwa na uhakika wa paswedi, angalia kama hukunakili na nafasi mwishoni.

Kuacha kijinjia wazi

Saa nyingine kuna kitu lazima kifikiwe bila paswedi, mfano huduma ya nje inayotuma taarifa kwa apu yako, au kifaa kinachocheki kama seva iko hai. Unakitoa hivi:

```
    location = /hai {
        auth_basic off;
        proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
    }
```

Tumia hiyo alama ya `=` kila inapowezekana, inamaanisha njia hiyo tu na sio nyingine. Ukiandika `location /api` bila `=` na bila mkwaju wa mwisho, inakamata pia `/api-siri` na `/apidata` na chochote kinachoanza na herufi hizo. Tundu linaanza hivyo hivyo, kidogo kidogo.

Na kama unataka ukiwa nyumbani usiulizwe, ila ukiwa nje uulizwe, weka hii kwenye `server`:

```
    satisfy any;
    allow 192.168.1.0/24;
    deny all;
```

`satisfy any` maana yake mtu apite kwa IP au kwa paswedi, kimojawapo kinatosha. Ukikosea ukaandika `all` utahitaji vyote viwili na utajifungia nje. Hii ina maana pale tu seva iko kwenye mtandao huo wa nyumbani, seva ya kukodi haioni IP yako ya ndani.

Wanaojaribu jaribu

Nginx hachoki kuulizwa. Mtu akituma paswedi elfu kumi atazikataa zote elfu kumi kwa upole uleule, hamfungii mtu. Fail2ban ndo anafanya hiyo kazi. Sakinisha kwa `sudo apt install fail2ban`, alafu kwenye `/etc/fail2ban/jail.local`:

```
[nginx-http-auth]
enabled = true
maxretry = 5
findtime = 10m
bantime = 1h
```

Iwashe upya kwa `sudo systemctl restart fail2ban`. Mtu akikosea mara 5 ndani ya dakika 10, IP yake inafungiwa saa zima. Kufungua ukurasa tu bila kuandika kitu hakuhesabiwi, ni paswedi au jina lisilo sahihi. Kuangalia nani amefungiwa ni `sudo fail2ban-client status nginx-http-auth`, na siku ukijifungia mwenyewe, na hiyo siku itafika, ingia kwa njia nyingine uandike `sudo fail2ban-client set nginx-http-auth unbanip` na IP yako. Ila angalizo, kama mbele ya Nginx kuna proksi nyingine, huduma ya CDN kwa mfano, Nginx anaona IP ya hiyo proksi, na fail2ban atafungia watu wote kwa pamoja. Hapo inabidi kwanza umfundishe Nginx kusoma IP halisi kwa `set_real_ip_from` na `real_ip_header`.

Pale inapogoma

Hii njia ina mipaka yake na mi naona bora uijue mapema. Hamna kitufe cha kutoka, brauza inakumbuka paswedi hadi uifunge yote, kwaiyo usiitumie kwenye kompyuta ya watu. Hamna namba ya pili ya kuthibitisha kwenye simu. Na apu ambazo skripti zake zenyewe zinatumia heda ya `Authorization` kupeleka tokeni zao zitagombana na Nginx, maana heda ni moja na wanaoitaka ni wawili, utaona unaulizwa paswedi kila sekunde. Kwa hizo, au kama watu ni wengi, nenda kwenye `auth_request`, ambapo Nginx kabla ya kumpitisha mtu anauliza huduma nyingine kama Authelia au oauth2-proxy, na logini inakaa kwenye kuki. Ni konfigi ndefu zaidi na kitu kingine cha kukitunza. Kwa dashibodi ya watu watatu mi sioni haja.

Mtu akiondoka kwenye timu, unamtoa hivi:

```
sudo htpasswd -D /etc/nginx/.htpasswd juma
```

Huna haja ya kumwambia Nginx asome upya, lile faili analifungua kila ombi linapokuja. Hata kama Juma alikua ameacha dashibodi wazi kwenye brauza yake, kubonyeza kunakofuata kunamletea kidirisha cha paswedi.